Fundi aliyeniuliza kama nimewahi kuona kwaki

Redio ya baba ilikuwa inakoroma. Ni ile ya zamani ya mbao, ya betri kubwa sita, na kwa kuwa baba mwenyewe alikwisha kutangulia, sikutaka redio yake nayo ifie mikononi mwangu. Jumamosi moja ya Januari 2019 nikaitia kwenye mkoba pamoja na madaftari ya kusahihisha, nikapanda matatu hadi mjini, nikaingia Luthuli Avenue, Nairobi, kumtafuta fundi niliyeelekezwa. Kijiduka chake kiko ghorofani, kimebanwa kati ya muuza chaja na muuza spika, na ukikalia kiti cha mteja magoti yako yanagusa meza yake ya kazi. Ni mzee wa miaka sabini hivi, miwani yake ameifunga kwa uzi. Alipokuwa akifungua mgongo wa redio aliona kitabu cha fizikia kikichungulia kwenye mkoba wangu. Akauliza kama mimi ni mwalimu. Nikamwambia ndiyo, nafundisha fizikia sekondari. Akaweka bisibisi chini.

"Basi mwalimu, nisaidie. Wewe umewahi kuona kwaki?"

Nikamjibu kama ninavyowajibu wanafunzi wanaotaka kunipotezea kipindi: ni chembe ndogo inayounda protoni ndani ya kiini cha atomu, hakuna anayeiona kwa macho, lakini imethibitishwa, vitabu vyote vinasema hivyo.

"Vitabu," akasema. "Nikikuambia redio hii imeharibika kapasita, utanilipa kwa sababu nimesema, au utataka uione?"

Swali hilo lilinichoma, na nina sababu. Tarehe 4 Julai 2012 nilikuwa mwanafunzi kampasi ya Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi. Tulijazana kumi na watatu mbele ya kompyuta moja, intaneti ikikatika kila baada ya dakika chache, tukitazama matangazo kutoka CERN, kituo cha utafiti wa chembe karibu na Geneva. Makundi mawili ya watafiti, ATLAS na CMS, yalikuwa yamefanya kazi kila moja kivyake kwenye ule mtambo wa duara wenye mzunguko wa kilomita 27, na siku hiyo kila kundi likaonyesha kilima kilekile kwenye grafu: chembe mpya yenye uzito wa karibu GeV 125 (kipimo cha uzito wa chembe), kama protoni 133 zikiwekwa pamoja. Kamera ikamwonyesha Peter Higgs, mzee wa miaka themanini na tatu, akivua miwani na kufuta machozi. Alikuwa ameandika juu ya chembe hiyo, leo tunaiita bosoni ya Higgs, mwaka 1964. Mimi pia nililia, na tangu siku hiyo nilijihesabu miongoni mwa wanaojua maada imeundwa na nini. Sasa fundi wa redio, katika kijiduka kinachonuka lehemu iliyoyeyuka, ananiuliza kama nimeona.

Akatoa daftari kubwa la jalada gumu kutoka chini ya meza. Kurasa zilikuwa zimejaa michoro ya kalamu ya bluu, mizunguko ndani ya mizunguko. Alikuwa na nadharia yake ya maada, na alikuwa ameilea kwa zaidi ya miaka thelathini.

"Wewe umekulia mjini," aliniambia, "labda hujakaa ukatazama kisulisuli wakati wa kiangazi. Kina kiuno, kina mguu, kinatembea, kinang'oa mabati. Utasema ni kitu. Sasa kishike. Ni upepo na vumbi. Kisulisuli hakipo, kuna upepo unaozunguka. Na elektroni yako ni hivyo hivyo. Kuna etha, imejaa kila mahali kama maji yasiyoonekana, na hizi mnazoita chembe ni visulisuli vyake. Hata uzito, binti yangu, ni mwendo uliofungwa."

Nilimkatiza. Nikamwambia etha ilikwisha kuzikwa na Michelson na Morley mwaka 1887, walipopima kasi ya nuru kuelekea huku na kule wasione upepo wowote wa etha. Akasema huenda etha inasafiri pamoja na dunia. Nikamwambia hilo nalo lilishajaribiwa. Akauliza, lilijaribiwa vipi? Sikukumbuka. Na kwa kuwa sikukumbuka nilipandisha sauti, nikasema neno ambalo binti hamwambii mzee: kwamba hayo ni mambo ya kijiweni, na kwamba kuna watu wamesoma.

Muuza chaja wa jirani aliacha kuongea na mteja wake. Mzee hakujibu. Alitengeneza redio, kweli ilikuwa kapasita, akanionyesha ile ya zamani ilivyovimba kichwani, akataja bei ya kawaida. Nilipokuwa nashuka ngazi alinifuata hadi mlangoni. "Jumamosi nipo," akasema.

Sikurudi Jumamosi ile wala iliyofuata. Kilichonirudisha ni hesabu ya darasa la kwanza. Nilikuwa naandaa maelezo ya mwanafunzi mmoja aliyetaka kujua zaidi ya silabasi, na nikamwandikia uzito wa kwaki zilizo ndani ya protoni. Kwaki ya aina iitwayo juu ni karibu MeV 2.2 (MeV elfu moja ni GeV moja), nazo ziko mbili. Kwaki ya aina iitwayo chini ni karibu MeV 4.7, nayo iko moja. Jumla ni karibu MeV 9. Chini yake nikaandika uzito wa protoni yenyewe: MeV 938. Kalamu ikasimama. Namba hizi nilizijua, nilizifanyia mtihani, lakini sikuwahi kuziweka mstari mmoja juu ya mwingine zikatazamana. Uzito wa kwaki ni kama asilimia moja tu. Asilimia tisini na tisa iliyobaki, uzito wa mikono yangu, wa meza, wa jengo zima, unatokana na nishati ya kwaki zinazokimbia zikiwa zimefungiwa ndani ya protoni, na ya gluoni zinazozifunga.

Mwendo uliofungwa.

Nilikaa na karatasi ile muda mrefu. Nilimdharau mzee wa watu kwa sentensi iliyokuwa karibu na ukweli kuliko picha ninayochora ubaoni kila mwaka, ile ya vigololi vitatu ndani ya kigololi kikubwa. Na si uzito tu. Nadharia tunayoitegemea leo haisemi kwamba elektroni ni kigololi. Inasema kuna uga uliotanda kila mahali, na elektroni ni mtikisiko wa uga huo. Wanafunzi wangu hawajawahi kusikia hilo kutoka kwangu, kwa sababu vigololi ni rahisi kuchora.

Nikaenda kuomba radhi. Nilipeleka maandazi na ile karatasi. Aliisoma polepole akifuata namba kwa ncha ya bisibisi, halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu aliyetoka kupewa ushindi: "Hiyo 938, walioipata waliipima au waliikokotoa?"

Nikamwambia ilipimwa zamani, lakini mwaka 2008 watafiti walitumia kompyuta kubwa sana wakakokotoa uzito wa protoni kuanzia kwenye milinganyo ya kwaki na gluoni, na jibu likaja karibu kabisa na lililopimwa. Akafunga daftari lake, akaliweka kiganja juu. "Visulisuli vyangu havijawahi kunipa namba hata moja," akasema. Alilisema kwa uchungu, na mimi niliuona.

Tangu hapo Jumamosi zetu zikawa za kudumu. Nisidanganye, tulibishana sana na mara nyingine tuliachana kwa hasira. Yeye alikuwa na desturi ya kuokota kila habari inayoonyesha wanafizikia wamekwama. Siku moja alinisubiri na karatasi aliyokata gazetini, ya Septemba 2011: nyutrino, chembe nyepesi mno zinazopenya hata mwamba, zilizorushwa kutoka CERN hadi Gran Sasso nchini Italia, kilomita 730 chini ya ardhi, zilifika mapema kuliko nuru kwa nanosekunde 60. "Einstein ameanguka, na mnanyamaza!"

Karatasi aliitunza miaka minane, lakini mwisho wa habari hakuupata. Nikamweleza kwamba wale watafiti wenyewe walitangaza matokeo yao wakiomba watu wawasaidie kutafuta kosa, na miezi michache baadaye kosa likaonekana: kebo ya nuru inayopeleka saa kwenye kompyuta haikuwa imekazwa sawasawa. Ilipokazwa, nyutrino zikarudi kwenye kasi yao.

Kama ningemwambia kwamba nadharia haikubali, tungebishana hadi jioni. Lakini kebo haijakazwa! Maisha yake yote ni kebo ambazo hazijakazwa. Alinyanyuka, akashika redio iliyokuwa ikilia vizuri mezani, akalegeza plagi ya antena kidogo tu, ikaanza kukoroma. Akaikaza. Akalegeza tena. "Miaka minane," akasema, "na ilikuwa hii."

Nilijifunza kitu hapo kuhusu kubishana ambacho chuo hakikunipa. Mzee hakuwa adui wa ushahidi. Alikuwa ananyimwa ushahidi wa aina anayoweza kuugusa, halafu anachekwa kwa kutoamini. Nikaamua nisimpe tena jina la mtu wala mwaka bila kumpa njia iliyotumika.

Ndipo tukatengeneza chombo cha ukungu, cha kuonyesha njia zinakopita chembe. Vifaa karibu vyote vilikuwa Luthuli. Spiriti ya isopropili anayo, ndiyo anayosafishia bodi. Alikata bati la alumini akalipaka rangi nyeusi isiyong'aa. Chupa kubwa ya kioo, kitambaa kizito tulichokilowesha spiriti na kukibana kwenye kitako cha chupa, kisha chupa ikapinduliwa juu ya bati na kuzibwa pembeni kwa utepe mweusi wa stima. Chini ya bati tukaweka barafu kavu, ambayo ina baridi ya digrii 78 chini ya sifuri. Mara ya kwanza hatukuona kitu, hewa ilikuwa ikipenya kwenye utepe. Mara ya pili barafu iliisha kabla hatujaanza. Mara ya tatu alifunga mlango, akazima taa, akashika tochi ubavuni mwa chupa, tukangoja.

Baada ya kama dakika kumi, karibu na bati pakatokea tabaka la ukungu mwembamba, vitone vidogo sana vikishuka kama manyunyu ya asubuhi ya Julai. Kisha mstari. Mweupe, mwembamba, umenyooka kama uzi uliovutwa, ukakaa sekunde moja ukayeyuka. Mzee alivuta pumzi. Ukatokea mwingine, mfupi na mnene, kama mkwaruzo wa chaki. Kisha kamstari kaliojipindapinda kama unywele. Nilimweleza ninachojua: chembe yenye chaji ikipita inang'oa elektroni kwenye hewa, na mvuke uliopozwa kupita kiasi unageuka vitone kwenye njia ile, kwa hiyo tunaona alama za miguu, mpitaji mwenyewe hatumwoni. Ile minene ni chembe za alfa, ambazo hutoka kwenye gesi ya radoni iliyomo hewani. Ile inayojipinda ni elektroni za polepole. Na ile mirefu iliyonyooka, mingi yake ni myuoni, chembe kama elektroni ila nzito zaidi, zinazozaliwa juu angani miale ya anga za mbali inapogonga hewa. Carl Anderson alitumia chombo cha ukoo huu kuona positroni, pacha wa elektroni mwenye chaji ya kinyume, mwaka 1932, na miaka michache baadaye myuoni.

Mzee akakumbuka kwamba vile vifuko vyeupe vya karabai vya zamani vilitiwa thoriamu. Mimi ndiye niliyemwambia hilo wiki moja nyuma, na yeye alikuwa amekwenda kukipekua kimoja kwenye karabai ya marehemu mama yake. Tulipokiweka ndani na kungoja tena, mistari minene ilichomoka kutoka kwenye kile kifuko pande zote, mmoja baada ya mwingine, bila kelele. Alipiga magoti ili macho yake yawe usawa na bati. Alikaa hivyo hadi barafu ikaisha.

Sikuthubutu kumwambia, unaona sasa. Na ni vizuri sikusema, kwa sababu alipowasha taa alisema visulisuli navyo huacha alama njiani. Alikuwa sahihi. Picha ile haikukataa nadharia yake. Na hapo ndipo nilipoona tatizo la nadharia yake waziwazi, kwa mara ya kwanza bila hasira: hakuna picha ambayo ingeikataa. Mistari minene, ni visulisuli vinene. Myembamba, vyembamba. Ikijipinda, etha imepinda.

Kabla ya kumwambia hilo nilimletea hadithi ya Kelvin. Mwaka 1867 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin na ambaye jina lake limepewa kipimo cha halijoto, alitazama pete za moshi alizozitengeneza rafiki yake Tait kule Edinburgh, jinsi zinavyogongana na kuachana bila kuvunjika, akapendekeza kwamba atomu ni mizunguko ya namna hiyo ndani ya etha. Kila elementi ingekuwa fundo la aina yake. Tait alitumia miaka akiorodhesha mafundo yanayowezekana. Nilipomaliza, mzee alivua miwani. Kwa zaidi ya miaka thelathini alidhani yuko peke yake.

"Ikaishia wapi?"

Nikamwambia kweli: Kelvin mwenyewe aliiacha. Haikuweza kumpa uzito wa atomu wala rangi za mwanga wake, na mizunguko ile hakuweza kuonyesha kwamba ingedumu. Hesabu ya mafundo ilibaki, hadi leo ni tawi zima la hisabati. Akauliza kama Kelvin alikasirika. Nikasema sijui. Kisha nikamwomba kitu: achukue ukurasa mpya wa daftari, aandike jambo moja ambalo likionekana, atakubali amekosea. Asiandike la kuniridhisha mimi. Aandike la kweli.

Alikaa nalo wiki tatu.

Alichoandika kilihusu myuoni, kwa sababu hizo alikuwa amezipenda. Etha yake ilitaka saa zote ziende sawa, zikiwa zinakimbia au zimesimama. Einstein anasema saa inayokimbia huchelewa, hivyo myuoni iliyo mbioni huishi zaidi. Myuoni ikitulia huishi kwa wastani sehemu 2.2 kati ya milioni za sekunde. Nuru katika sehemu moja kati ya milioni ya sekunde huenda mita 300, na myuoni hizi huenda karibu kasi hiyo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hivyo myuoni inayopita kwetu ikishuka hadi usawa wa Mombasa itatumia karibu sehemu 5.7, yaani umri wake wa wastani mara mbili na nusu na kidogo. Tulikokotoa pamoja: kati ya 100 zinazopita hapa, chini zingefika kama 8. Akaandika kwa herufi kubwa: KAMA MOMBASA NI ZAIDI SANA YA 8 KWA 100, SAA ZINACHELEWA NA MIMI NIMEKOSEA. Akaweka sahihi.

Nilijua jibu. Frisch na Smith walilipima Marekani, matokeo yakachapishwa mwaka 1963, juu ya Mount Washington kwenye kimo cha mita 1,900 hivi, kisha karibu na bahari. Mlimani walihesabu karibu myuoni 560 kwa saa. Kama saa zote zingekwenda sawa, chini zingefika zisizozidi 30. Walihesabu zaidi ya 400. Nilimwambia. Akasema hizo ni hesabu za wengine, na safari hii sikupandisha sauti, kwa sababu nilikuwa najua anachoweza kukifanya kwa mikono yake.

Tuliagiza mirija miwili ya Geiger, ile inayobofya mionzi ikipita, iliyotengenezwa enzi za Usovieti, ya kutumia volti 400. Yeye akatengeneza saketi ya kuilisha, na nyingine inayohesabu pale tu mirija yote miwili inapobofya kwa wakati mmoja, kwa sababu mionzi ya kawaida ya ukutani mara nyingi hugusa mmoja tu, ila myuoni hupita mmoja na kuendelea hadi wa pili. Mtaliano Bruno Rossi alibuni saketi ya namna hiyo mwaka 1930. Mzee aliichora bila kuiona, mimi nikamletea mchoro wa Rossi baadaye, akaulinganisha na wake kimya kimya, akatabasamu.

Kifaa kilikaa Luthuli siku tatu kikihesabu. Desemba nikakibeba kwenda Mombasa kwa shangazi yangu, kwa basi la usiku. Askari wa kukagua mizigo alifungua sanduku akaona nyaya na betri, akanitazama vibaya. Nikamwambia ni mashine ya kuhesabu mvua isiyoonekana, na nikakiwasha. Kikabofya. Tukangoja. Kikabofya tena. "Hiyo inapita ndani yetu?" akauliza. Nikamwambia inapita sasa hivi, kama moja kwa kila kiganja kila sekunde. Alitazama kiganja chake, akafunga sanduku taratibu kuliko alivyolifungua.

Shangazi alinipa nafasi kwenye veranda. Siku tatu tena, mirija imekaa vilevile, pengo lilelile, saa zilezile. Mombasa ilihesabu pungufu ya Nairobi, kama inavyopaswa, lakini upungufu ulikuwa mdogo. Haikukaribia 8 kwa 100 hata kidogo. Kifaa chetu ni cha kienyeji. Hakichagui myuoni kwa kasi zao kama Frisch na Smith walivyofanya kwa uangalifu, na mimi singeyaita matokeo yetu kipimo cha Einstein. Lakini tulikubaliana mapema swali ni lipi, na jibu lilikuwa limeandikwa na kifaa alichokitengeneza mwenyewe.

Nilimpelekea namba bila kusema neno. Alizisoma mara mbili. Aliuliza kama betri hazikushuka nguvu, kama joto la Mombasa halikuchezea mirija, kama nilikaza plagi. Maswali mazuri yote, nami nilikuwa nimeyaandikia majibu. Akafungua daftari kwenye ukurasa wenye sahihi yake, akachukua rula, akapiga mstari mmoja kutoka pembe hadi pembe. Mkono wake ulitetemeka kidogo. Kisha akaligeuza daftari, akalisukuma upande wangu na kalamu juu yake.

"Zamu yako, binti yangu."

Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Modeli Sanifu ya chembe, nadharia tunayoifundisha ya chembe na nguvu zake, imejaa mambo inayoyakataa, nichague moja. Nikaandika: nyutrino zikionekana zina uzito. Kisha nikaifuta kabla hajaiona, kwa aibu, kwa sababu hilo lilishatokea. Modeli ilipotungwa zilihesabiwa hazina uzito, na mwaka 1998 watafiti wa Super-Kamiokande nchini Japani walionyesha zinabadilika aina njiani, jambo lisilowezekana kama hazina uzito. Ukurasa wangu ulipigwa mstari nikiwa mtoto, na nimeufundisha kana kwamba hakuna kilichotokea. Maada ya giza nayo, ile isiyoonekana ila mvutano wake unajulikana, inayoizidi maada tunayoijua kama mara tano, haimo kabisa kwenye lile jedwali ninalolibandika ukutani. Nilimwambia mzee haya yote. Nilimwambia pia kuna wanafizikia wa kweli, wenye vyeo na maabara, wanaodhani maada ya giza haipo na kwamba ni sheria za mvutano zinazotakiwa kurekebishwa, na wengine waliowahi kupendekeza kwamba kwaki zenyewe zina vipande ndani. Tofauti yao na daftari lake la zamani ni kwamba wanataja namba, na namba hizo zinaweza kuwaangusha.

Mwishowe nikaandika hivi: protoni moja ikionekana imeoza, yaani imevunjika yenyewe, modeli ninayoifundisha haitoshi, na nitasimama mbele ya darasa niseme hivyo. Nikamweleza kwamba chini ya mlima kulekule Japani kuna tangi la tani 50,000 za maji linaloangaliwa tangu 1996, usiku na mchana, na hakuna protoni hata moja iliyoonekana ikioza. Akapenda sana kusikia kwamba kuna watu ambao kazi yao ni kulinda maji na kungoja. Nikaweka sahihi.

Kifaa sasa kiko kwenye rafu juu ya redio, kinabofya. Mzee ameanza daftari jipya. Safari hii kila mchoro una namba pembeni, nyingine zimeshapigwa mstari, naye huniita nizione kwa hamu ileile aliyokuwa nayo kwa visulisuli. Likizo ya Agosti tunakwenda Mlima Kenya, hadi kambi ya mita 3,000 hivi, kwa kuwa miguu yake haitamruhusu kupita hapo. Ameshatengeneza mfuko wa kukinga mirija na baridi. Kila mmoja wetu ataandika ni myuoni ngapi kwa saa anazitarajia kule juu, na ameniambia yangu niiandike kabla hatujapanda gari.